Wimbo badala ya igizo: sheria na mitambo iliyounda matangazo ya uchaguzi ya televisheni Australia

Tangazo la kisiasa linalokumbukwa kuliko yote Australia halina sera hata moja ndani yake. Ni la mwaka 1972. Mwimbaji Alison MacCallum anaongoza, na sura zilizofahamika katika kila nyumba yenye televisheni zinamwitikia: waimbaji, waigizaji na watangazaji, wakiwemo Little Pattie, Jack Thompson na Jacki Weaver. Kodi haitajwi. Vita vya Vietnam havitajwi. Waziri mkuu aliyekuwa madarakani hatajwi. Kinachorudiwa ni kaulimbiu ya "It's Time", yaani wakati umefika.

Wanaolitazama leo husifu ubunifu wake, na ubunifu kweli ulikuwepo. Lakini swali la kujiuliza kwanza ni kwa nini watengenezaji walichagua wimbo. Kwa nini hawakuigiza mzozo wa mezani, wala kumweka mwigizaji avae sura ya waziri mkuu na kumcheza? Jibu limo katika sheria ya utangazaji ya nchi hiyo, na ndivyo ilivyo kwa mengi yanayoonekana katika matangazo haya ya zamani. Urefu wake, kasi ya maneno ya mwisho, siku yalipokoma kurushwa, hata aina ya mtu aliyelengwa, vyote viliamuliwa na vifungu vya sheria na mitambo ya vituo kabla mwandishi wa tangazo hajashika kalamu.

Televisheni ya miji miwili

Matangazo ya kawaida ya televisheni Australia yalianza 16 Septemba 1956 katika kituo cha TCN-9 cha Sydney, miezi miwili hivi kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Melbourne. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa enzi hiyo ulifanyika 22 Novemba 1958, Robert Menzies wa chama cha Liberal akitetea kiti cha waziri mkuu dhidi ya H. V. Evatt wa Labor. Wakati huo televisheni ilikuwepo Sydney na Melbourne tu. Brisbane, Adelaide na Perth zilipata vituo vyao mwaka 1959, Hobart mwaka 1960. Ukikutana na picha za kampeni ya 1958, usidhani taifa zima liliziona. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa bado ya redio, magazeti na mikutano ya kumbini.

Vituo vilipoongezeka navyo havikuwa vimeunganishwa. Kebo iliyounganisha Sydney, Canberra na Melbourne ilifunguliwa mwaka 1962, na Perth iliunganishwa na mashariki kwa mitambo ya mawimbi mwaka 1970. Kabla ya hapo, tangazo lilisafiri kama kitu cha kushikika: nakala ya filamu katika kopo, juu ya ndege, ikipokelewa na karani wa kituo. Chama kilichotaka kujibu shambulio la jana kilipaswa kuhesabu saa za maabara, saa za ndege na saa za kituo kuipanga nakala ile kwenye ratiba. Ndiyo maana matangazo ya miaka ya 1960 yanazungumza mambo ya jumla. Jibu la papo kwa papo halikuwezekana, na aliyelijaribu aliishia kurusha jibu wakati swali limeshasahaulika.

Mikoani kulikuwa na faida yake. Kwa miongo kadhaa kila eneo la mashambani lilikuwa na kituo kimoja tu cha biashara, hivyo nafasi moja ya jioni ilimfikia karibu kila aliyewasha televisheni na hakuwa anatazama ABC, shirika la umma lisilouza matangazo. Mjini mtazamaji alihama kutoka kituo hadi kituo, na chama kililipa mara mbili au tatu kumpata mtu yuleyule.

Kifungu kilichokataza kuigiza

Mzizi wa katazo uko redioni. Mwaka 1948 na 1949 chama cha Liberal, kikiwa upinzani, kilirusha mfululizo wa vipindi vifupi vya redio vya mhusika wa kubuni aliyeitwa John Henry Austral. Mara kwa mara msikilizaji alisikia visa vilivyoigizwa: mgawo wa petroli, mpango wa serikali kutaifisha benki, hofu ya ukomunisti. Vilitengenezwa na wakala wa matangazo wa Hansen-Rubensohn wa Sydney, na vilisikika nchi nzima muda mrefu kabla ya kampeni rasmi kuanza.

Serikali ya Labor ya Ben Chifley ilijibu kwa sheria. Kifungu kilikataza kituo kurusha igizo la jambo lolote la kisiasa lililo hai wakati huo, au lililokuwa hai wakati wowote ndani ya miaka 5 iliyotangulia. Labor walishindwa uchaguzi wa Desemba 1949 vilevile, lakini kifungu kilibaki, na televisheni ilipofika kikaihusu nayo.

Tazama kilichobaki mezani kwa mtengenezaji. Kiongozi aliruhusiwa kuketi nyuma ya dawati na kusema. Sauti iliruhusiwa kusoma juu ya picha za magazeti, chati na bei za vyakula. Umati halisi wa mkutanoni ulifaa, mwananchi halisi akisema maoni yake alifaa, na wimbo ulifaa. Kisichofaa ni mume na mke wa kubuni wakibishana kuhusu bajeti, au mwigizaji akimwiga waziri. Mstari huo haukuwa wazi kila mara. Mtu anayesoma maneno aliyoandikiwa, jikoni ambako si kwake, anaigiza au anatoa maoni? Kituo kilichokosea ndicho kilichohatarisha leseni yake, hivyo vituo vilikuwa waoga kuliko vyama, na tangazo lenye harufu ya igizo lilirudishwa kabla halijafika hewani.

Wakala uleule wa Hansen-Rubensohn, ukiwa umeshaungana na McCann-Erickson, ndio uliofanya kazi ya Labor mwaka 1972. Watu waliokuwa wamesababisha mlango wa igizo ufungwe ndio walioonyesha nini kinaweza kupita dirishani.

Hesabu iliyokuwa nyuma ya wimbo wa 1972

Chama cha Labor kilikuwa nje ya madaraka tangu Desemba 1949. Umri wa kupiga kura mwaka 1972 ulikuwa bado miaka 21; ulishushwa hadi 18 mwaka uliofuata. Fanya hesabu: mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka 44 siku ya uchaguzi hakuwahi kupiga kura katika uchaguzi ambao Labor ilishinda na kuunda serikali ya taifa. Watu hao hawakuwa wanaipinga Labor. Wengi walikuwa wameizoea kama chama cha kushindwa, na mazoea hayavunjwi kwa orodha ya sera.

Katibu wa chama Mick Young na wenzake walikuwa wamefanya utafiti wa maoni kwa utaratibu ambao haukuwa kawaida Australia hadi hapo. Walichohitaji ni kuondoa woga wa kubadilisha. Kaulimbiu iliyopatikana haimlaumu mpiga kura kwa kuichagua serikali iliyokuwepo kwa miaka 23. Inamwambia tu kwamba muda wake umetimia. Mtu aliyempigia Liberal mara zote angeweza kuiimba bila kukiri kwamba alikosea zamani. Kwa maoni yetu hapo ndipo ustadi mkubwa wa tangazo hili ulipo, kuliko hata katika muziki wa Mike Shirley na mashairi ya Paul Jones.

Watu mashuhuri walifanya kazi mahsusi. Kwa kuwa igizo lilikatazwa, tangazo lisingeweza kuonyesha familia ya kubuni ikiamua kubadilisha kura. Sura za watu halisi, wanaopendwa, wakisimama pamoja, zilitoa ushahidi uleule bila kuvunja sheria: wapo wengi, hawana woga, nawe hutakuwa peke yako. Kisha sera zikaachiwa mahali pengine. Kiongozi wa Labor, Gough Whitlam, alizindua kampeni Blacktown, magharibi mwa Sydney, tarehe 13 Novemba 1972, kwa hotuba ndefu iliyojaa ahadi za kina kuhusu shule, afya na miji. Tangazo lilifungua mlango, hotuba ikajaza nyumba. Anayelisoma tangazo peke yake na kusema Labor walishinda kwa wimbo mtupu ameiona nusu ya kampeni.

Tarehe 2 Desemba Labor ilipata viti 67 kati ya 125. Ni ushindi wa kiasi. Wimbo haukuleta mafuriko ya kura, nao haukuwa umekusudiwa kuyaleta.

Mpiga kura asiyekaa nyumbani

Jambo hili huwapotosha wageni wengi wanaolinganisha Australia na Marekani. Kupiga kura katika uchaguzi wa taifa ni lazima tangu sheria ya 1924. Uchaguzi wa 1922 ulihudhuriwa na chini ya asilimia 60 ya walioandikishwa. Ule wa 1925, wa kwanza chini ya sheria hiyo, uliwaleta zaidi ya asilimia 91. Asiyepiga kura bila sababu hutozwa faini. Kwa uchaguzi wa taifa ni dola 20.

Matokeo yake kwa tangazo ni makubwa. Nchi ambako mtu huweza kubaki nyumbani, matumizi mengi ya fedha ni ya kuwaamsha wafuasi wako na kuwakatisha tamaa wa mwenzako. Australia mfuasi atakuja tu. Fedha huelekezwa kwa mtu wa katikati, tena kwa yule asiyependa siasa, ambaye anakuja kituoni kwa sababu ya sheria na huenda akaamua wiki ya mwisho. Huyo hasomi ilani wala haendi mkutanoni. Anatazama michezo na vipindi vya burudani, na hapo ndipo chama kinamnunua kwa sekunde 30.

Ongeza mfumo wa kura. Katika Baraza la Wawakilishi mpiga kura hupanga wagombea wote kwa namba, 1, 2, 3 hadi mwisho, na kura za wagombea walioachwa nyuma huhamia kwa waliofuata. Chama kikubwa kinahitaji namba 2 ya mtu ambaye namba 1 yake imekwenda kwingine. Tangazo la chuki kali linaweza kumpa mtu sababu ya kumshusha mpinzani, lakini linaweza pia kumuudhi huyo ambaye namba yake ya pili unaihitaji. Kwa hiyo matangazo ya kushambulia ya Australia hulenga sera au uwezo wa mtu kuliko uanachama wa mpiga kura.

Ununuzi wenyewe hupimwa kwa pointi za hadhira. Pointi 1 ni sawa na asilimia 1 ya kundi unalolitaka. Tangazo likirushwa mara 10 katika vipindi vinavyotazamwa na asilimia 20 ya kundi hilo kila kimoja, umenunua pointi 200. Namba hiyo haisemi nani ameona. Inaweza kuwa asilimia 80 ya watu wameona kwa wastani wa mara 2.5, au asilimia 40 tu wameona mara 5. Kosa la kawaida ni kurundika pointi kwenye vipindi vya habari, ambako wanaotazama ni walewale wanaofuatilia siasa na wameshaamua. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 vipimo vyenyewe vilitegemea madaftari yaliyojazwa kwa mkono na familia za sampuli, hivyo mnunuzi wa miaka ya 1970 alifanya kazi kwa takwimu zilizochelewa.

Sekunde 30 kwenye filamu

Televisheni ya Australia ilitumia mfumo wa mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Sekunde 30 ni fremu 750. Kwenye filamu ya milimita 16, yenye fremu 40 kwa kila futi, hiyo ni futi 18.75, kwenye milimita 35, yenye fremu 16 kwa futi, ni karibu futi 47. Nakala za vituoni zilikuwa nyingi za milimita 16 kwa sababu ni nyepesi na rahisi kusafirisha.

Kosa la kwanza lilikuwa la kasi. Kamera za sinema hupiga fremu 24 kwa sekunde. Filamu iliyopigwa hivyo ikipitishwa kwenye mashine ya kituo inayokwenda kwa 25, tangazo la sekunde 30 linaisha kwa sekunde 28.8 na sauti inapanda karibu nusu toni. Kwa mtu anayesema, wengi hawatambui. Kwa wimbo, na hasa wimbo ambao redioni unasikika kwa ufunguo wake sahihi, tofauti inasikika wazi. Tangazo la televisheni lilipaswa kupigwa kwa 25 tangu mwanzo.

Kosa la pili ni la sauti. Katika filamu ya milimita 16 yenye sauti ya mwanga, yaani iliyochapwa kwenye filamu na kusomwa kwa taa, sauti ya fremu fulani haiko pembeni mwa fremu hiyo. Iko fremu 26 mbele yake, kwa kuwa kichwa kinachosoma sauti kiko mbali na dirisha la picha. Ni zaidi kidogo ya sekunde 1. Fundi wa kituo aliyeunganisha matangazo kadhaa kwenye rili moja kwa kukata pale picha inapoanza alikuwa amekata sekunde ya kwanza ya maneno. Kinga ilikuwa kuacha mwanzo wa tangazo kimya, hivyo sekunde 30 za picha zilibeba sauti ya sekunde 28 hivi. Kwa mwendo wa kawaida wa msomaji wa Kiingereza, maneno mawili na nusu kwa sekunde, hayo ni maneno 70. Kumi au zaidi ya hayo huliwa na maneno ya lazima ya mwisho, tutakayoyafikia.

Picha nayo ilikuwa na mipaka. Televisheni za majumbani zilificha kingo za picha nyuma ya fremu ya kioo, kwa hiyo maandishi yalipaswa kubaki ndani ya asilimia 80 ya katikati. Kioo hakikumudu tofauti kubwa ya mwanga na giza, na nakala iliyotengenezwa kwa ajili ya sinema ilionekana yenye vivuli vyeusi tii vilivyomeza macho ya kiongozi. Maabara ilipaswa kuambiwa mapema itoe nakala yenye tofauti ndogo ya mwanga na giza.

Mkanda wa video wa inchi 2 ulipoingia, mambo ya maabara yalipungua. Mashine hizo zilikuwa na vichwa vinne kwenye gurudumu lililozunguka mara 15,000 kwa dakika, na mkanda ulipita kwa kasi ya inchi 15.6 kwa sekunde: sekunde 30 zilikula karibu mita 12. Faida kubwa ilikuwa muda. Kiongozi aliweza kurekodi asubuhi na kurushwa jioni. Hasara, kwa sisi wa leo, ni kwamba mkanda ulikuwa ghali na ulitumika tena. Matangazo mengi yalifutwa kwa kurekodiwa juu yake wiki iliyofuata uchaguzi.

Rangi ilianza rasmi 1 Machi 1975. Zanzibar ilikuwa imeshaitangulia Australia kwa televisheni ya rangi, jambo ambalo wengi hawalijui huku na huko. Uchaguzi wa Desemba 1975 ndio wa kwanza wa taifa kufanyika baada ya hapo, na Liberal chini ya Malcolm Fraser walikuwa na kaulimbiu ya kuwasha taa Australia, baada ya kile walichokiita miaka mitatu ya giza. Wazo la giza na nuru linafaa skrini ya aina yoyote, na pengine hilo lilisaidia, kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa bado na seti za nyeusi na nyeupe.

Noti mkononi, na mwanamke jikoni

Mwaka 1977 Liberal walitangaza punguzo la kodi kwa picha ya mkono ulioshika noti. Hakuna mhusika, hakuna kisa, kitu tu. Kama mbinu ya skrini ni safi mno: mtazamaji anaelewa hata akiwa amepunguza sauti. Tatizo lilikuja baadaye. Bajeti ya Agosti 1978 iliongeza kodi ya mapato ya muda ya asilimia 1.5, na picha ileile iliyoshinda ikageuka ushahidi wa upinzani kwa miaka. Ahadi inayoweza kuonyeshwa kama kitu cha kushikika hukumbukwa kama kitu cha kushikika.

Mwaka 1987 mwelekeo uligeuka. John Howard, kiongozi wa Liberal, aliahidi kupunguza kodi; Labor walipochambua mahesabu, ilibainika kuna fedha zilizohesabiwa mara mbili, kiasi cha dola milioni 540, naye akakiri. Mtengenezaji wa matangazo John Singleton, aliyefanya kazi ya Labor, akamweka mwanamke aliyeitwa Wendy mbele ya kamera, jikoni, amesimama na kumuuliza Howard moja kwa moja: fedha hizo zitatoka wapi? Magazeti yakambandika jina la Wendy mlalamishi, jina ambalo lilimsambaza zaidi kuliko fedha za chama.

Tangazo hilo lilifanya kazi kwa sababu swali lilikuwa tayari hewani. Kosa la mahesabu lilikuwa limethibitishwa na habari. Tangazo lilimpa mtu wa kawaida sauti ya kuliuliza. Lingerushwa wiki 3 kabla ya kosa kujulikana, lingeonekana kelele tu. Angalia pia umbo: mtu mmoja, kamera moja, hakuna mwenzake wa kujibizana naye. Mazoea yaliyojengwa na katazo la igizo yanaonekana hapo wazi. Labor ilipata viti 86 kati ya 148 tarehe 11 Julai.

Maneno yanayosomwa haraka

Kila tangazo la siasa hewani lilipaswa kumalizika kwa kumtaja aliyeidhinisha na mji wake, na kwa miaka mingi hata majina ya waliosikika wakisema. Kwenye televisheni lazima yasomwe na yaandikwe. Ndiyo maana mwisho wa matangazo haya kuna sauti inayokimbia: imeidhinishwa na fulani, Canberra, imesemwa na fulani na fulani. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2018 yaliondoa sharti la kuwataja wasemaji, na sekunde mbili zikapatikana.

Sharti hilo lina sababu nzuri. Tangazo la uongo lisilo na mwenyewe halishtakiki. Jina linampa mlalamikaji mtu wa kumpeleka mahakamani kwa kashfa, na linamlazimisha katibu wa chama kusoma kila neno kabla ya kutia saini. Nakala iliyokatwa mwisho wake na fundi mwenye haraka haikuwa tu mbaya. Ilikuwa kinyume cha sheria, na kituo kilibeba lawama.

Je, sheria inakataza uongo wenyewe? Kwa uchaguzi wa taifa, hapana, kwa maana ambayo watu wengi huidhania. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Evans dhidi ya Crichton-Browne, iliamua kwamba katazo la kumpotosha mpiga kura kuhusu kura yake linahusu kitendo cha kuweka alama kwenye karatasi, si kufikia uamuzi wa nani amchague. Ukimwambia mtu aweke tiki badala ya namba ili kura yake iharibike, umevunja sheria. Ukimdanganya kuhusu sera ya mwenzako, hukuvunja. Bunge lilipitisha katazo la matangazo ya uongo mwaka 1983 na kulifuta mwaka 1984, kwa hoja kwamba haliwezi kusimamiwa kwa haki katikati ya kampeni. Australia Kusini ilichukua njia nyingine kwa sheria yake ya 1985, na ikaitumia: katika uchaguzi wa jimbo wa 1993 tangazo la Labor lilidai wapinzani wao wangefunga shule zenye wanafunzi chini ya 300, na afisa wa chama aliyehusika alitiwa hatiani. Tunaamini mfano huo unatosha kuonyesha kwamba jambo linawezekana, mradi katazo liguse madai ya ukweli na liache maoni yapite.

Jumatano usiku wa manane

Matangazo ya uchaguzi hewani hukoma mwisho wa siku ya Jumatano na hayarudi hadi vituo vya kura vifungwe Jumamosi. Kabla ya marekebisho ya 1983 kimya hicho kiligusa hata maoni na habari za uchaguzi. Tangu hapo kimebaki kwa matangazo. Kusudi lilikuwa kumpa mtu muda wa kutafakari na kuzuia shambulio la dakika za mwisho lisilo na nafasi ya kujibiwa.

Kwa mpangaji wa kampeni ratiba yote huhesabiwa kinyumenyume kutoka saa hiyo. Tangazo kali zaidi haliwekwi Jumatano, maana likikosewa huna muda wa kulirekebisha. Huwekwa Jumapili au Jumatatu, ili habari zilirudie bure siku mbili. Jumatano ni ya kurudia kaulimbiu. Alhamisi na Ijumaa fedha zilihamia magazetini, kwa kuwa sheria haikugusa karatasi. Leo zinahamia intaneti, ambayo nayo haiguswi. Na katika uchaguzi wa 2022 zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wameshapiga kura kabla ya siku yenyewe, wengi wao matangazo yakiwa bado yanarushwa.

Mwaka 1991 serikali ya Labor ilijaribu jambo zito zaidi: kupiga marufuku matangazo ya siasa hewani wakati wa kampeni na kuvipa vyama nafasi za bure. Asilimia 90 ya nafasi hizo ilikuwa ya vyama vilivyokwisha kuwa bungeni. Sharti la umbo lilirudi kwa ukali: msemaji mmoja, kichwa na mabega, bila maigizo. Hoja ya gharama ilikuwa ya kweli, kwani televisheni ilimeza sehemu kubwa ya fedha za vyama, na tangu uchaguzi wa 1984 sehemu ya gharama hizo ililipwa na umma kwa kila kura iliyopatikana. Lakini mgombea mpya asiye na chama alifungiwa mlango. Mwaka 1992, katika kesi ya Australian Capital Television, Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria hiyo ikisema katiba, ingawa haina orodha ya haki, inadokeza uhuru wa mawasiliano ya kisiasa kwa sababu uchaguzi hauna maana bila huo. Hukumu hiyo imekuwa msingi wa kesi nyingi zisizohusu televisheni kabisa.

Kulitambua tangazo la zamani

Video nyingi zinazozunguka mtandaoni zimeandikwa mwaka usio sahihi. Anza na fedha: likitaja pauni na shilingi, ni la kabla ya 14 Februari 1966, siku Australia ilipohamia dola. Kisha rangi, ukikumbuka kwamba filamu ya rangi ilikuwepo kabla ya 1975, hivyo rangi peke yake haithibitishi. Skrini pana halisi inaashiria miaka ya 2001 na kuendelea, televisheni ya dijitali ilipoanza. Lakini tangazo la zamani lililovutwa pembeni ili lijaze skrini pana ni la kawaida sana, na nyuso zilizopanuka ndizo zinazolifichua. Jina la aliyeidhinisha ndilo ushahidi imara kuliko yote, kwa kuwa makatibu wa vyama wanajulikana kwa miaka yao.

Picha iliyogeuka ya waridi ni filamu ya rangi ambayo rangi yake ya samawati imefifia. Harufu ya siki kwenye kopo inamaanisha plastiki ya filamu imeanza kuoza, na kopo hilo litengwe na mengine, kwani mvuke huo huharakisha kuoza kwa jirani. Mkanda wa video unaonata usichezwe. Gundi yake imenyonya unyevu, na mzunguko mmoja unaweza kuung'oa unga wenye picha. Mafundi huupasha joto la chini la nyuzi 50 hivi kwa saa nyingi, kisha huunakili mara moja, maana nafuu hiyo haidumu. Anayenakili aache fremu 25 zibaki 25. Nakala nyingi zimebadilishwa kuwa 30, na waimbaji wa 1972 wanaonekana wakishtukashtuka kwa hitilafu ambayo haikuwepo kwenye filamu yao.